Fimbo Humfunza Mtoto Kujificha

Haya ni maneno ya daktari wa mifugo wa kaunti ndogo, aliyoyasema mbele ya wakazi waliokuwa wameleta mbwa wao kuchanjwa katika uwanja wa shule ya msingi. Tunayachapisha kwa ombi la wazazi waliohudhuria.



Najua kwetu kumwita mtu mbwa ni tusi. Kwa hivyo nikisema kwamba leo nitazungumza juu ya yale tunayoweza kujifunza kwa mbwa kuhusu kulea watoto na kuishi na watu, naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjanifukuza. Sisemi mtu ni mbwa. Nasema kujifunza kuna kanuni zake, na kanuni hizo mimi nilizitumia kazini miaka mingi, kisha nikawa naziacha langoni kila nikirudi nyumbani. Nililipa kwa hofu ambayo sitaki mzazi yeyote hapa aipitie.

Kijana wangu alikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimemkataza kupita kwa jirani mmoja mwenye mbwa mkali. Nilimwambia nikisikia amepita huko nitamchapa, na alijua sifanyi mzaha, kwa sababu nilikuwa nimeshamchapa kwa kosa hilohilo. Jioni moja akapita. Mbwa akamuuma mguuni. Mtoto akavuta soksi juu, akavaa suruali ndefu, akanyamaza. Siku ya tatu mamake ndiye aliyeona soksi imegandamana na damu.

Mimi ndiye ninayezunguka wadi zote nikiwaambia watu kidonda cha mbwa kioshwe papo hapo. Na mtoto wangu alikaa na kidonda hicho siku tatu chini ya paa langu. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu maneno mawili: "Ulisema utanichapa."

Tulimkimbiza hospitalini, akaanza sindano. Yule mbwa tukamfungia na kumwangalia kwa siku kumi, akabaki mzima. Mtoto yuko salama. Lakini mnajua ugonjwa wa kichaa cha mbwa: dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Fimbo yangu haikumfunza kijana kukaa mbali na mbwa. Ilimfunza kukaa mbali na mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo la kwanza tunalompa mtu yeyote anayefunza mbwa. Mbwa ametoroka. Unamwita, unamwita, mwishowe anarudi. Unamchapa. Wewe unadhani umemwadhibu kwa kutoroka. Yeye amejifunza kwamba kurudi kunauma. Kesho ukimwita, haji. Mtoto anayekuja kukuambia, "Baba, nimevunja," au "Mama, nimeumwa," ni kama mbwa anayerudi. Tendo la mwisho alilofanya ni kuja kwako. Ukilipiga tendo hilo, usishangae likikoma. Mshukuru kwanza kwa kusema. Kosa lenyewe mtalizungumzia baadaye.

Mambo haya si ya kubuniwa. Kule Urusi, zaidi ya miaka 100 iliyopita, Ivan Pavlov alionyesha kwamba mbwa hutokwa na mate akisikia ishara aliyoizoea kabla ya chakula. Baadaye Mmarekani B. F. Skinner alionyesha, kwa panya na njiwa, kwamba tendo linaloleta faida hurudiwa. Mwaka 1984 Karen Pryor, mwanamke aliyekuwa amefunza pomboo huko Hawaii, alitoa kitabu kiitwacho Don't Shoot the Dog. Jina ni la mbwa, lakini kwa sehemu kubwa kinatuhusu sisi watu: watoto wetu, wenzi wetu, wafanyakazi wetu na hata tabia zetu wenyewe.

Na hapa jirani, Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linafunza panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Panya akipata harufu inayotakiwa, husikia mlio mfupi, kisha hupewa kipande cha tunda au karanga. Hakuna kiboko. Panya mmoja aliyefunzwa hivyo, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la wanyama la Uingereza. Kama panya anaweza kufunzwa kazi ya hatari namna hiyo bila kupigwa, sisi tunashindwaje kumfunza mtoto kuosha vyombo?

Sasa niwape mambo manne ya kwenda nayo nyumbani.

La kwanza, sifa itolewe papo hapo, na iseme ni ya nini. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, lakini sisi mara nyingi tunasubiri mpaka chanda kizeeke. Mtoto amefunga ng'ombe bila kuambiwa, unanyamaza. Siku akisahau, mtaa mzima unasikia sauti yako. Basi amejifunza kwamba kufanya vizuri hakuonekani. Sema pale pale: "Umefunga ng'ombe kabla sijakwambia, asante." Sentensi hiyo haina gharama.

La pili, angalia unachokilipa. Mbwa anayekodolea macho sahani yako amefunzwa na mtu, na mtu huyo ni wewe uliyemtupia mfupa. Vivyo hivyo mtoto anayejitupa chini dukani. Umesema hapana mara tano, mara ya sita ukanunua peremende ili anyamaze. Umemfunza kulia hadi mara ya sita. Na ukikataa leo ukakubali kesho, unazidi kuikaza tabia hiyo, kwa sababu zawadi isiyotabirika ndiyo humshika mtu zaidi. Vijana wanaocheza kamari kwa simu wananielewa: kama wangepoteza kila siku, wangeacha. Ni ule ushindi mdogo wa hapa na pale unaowarudisha. Kwa hivyo ukiamua kutolipa kilio, kaza moyo. Siku za mwanzo kitaongezeka. Usilegee wakati huo, kwa maana ukilegea umemfunza kulia kwa nguvu zaidi.

La tatu, nyumba iwe na sheria moja. Baba anamfukuza mbwa jikoni, nyanya anamlisha jikoni, watoto wanamficha jikoni. Mbwa afuate nani? Kaeni chini watu wazima mkubaliane. Sheria tatu zinazoshikwa na wote ni bora kuliko ishirini zinazobadilika kulingana na aliyeko nyumbani.

La nne, usiseme tu "wacha", sema "fanya hivi". Mbwa anayewarukia wageni tunamfunza kuketi, kwa sababu hawezi kuketi na kuruka kwa wakati mmoja. Mtoto anayesumbua wakati wa kupika mpe mboga za kuchambua. Kijana anayerudi usiku mpe jukumu la saa moja jioni ambalo watu wanamtegemea kulitimiza. Na umfikishe unakotaka kwa hatua ndogo. Aliyekuwa akipata alama 30 akileta 38, hizo nane zisherehekewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Ofisi yetu nayo ilijifunza kwa njia ngumu. Zamani siku ya chanjo, mtu akileta mbwa mwenye miaka mitano ambaye hajawahi kuchanjwa, tulimkaripia mbele ya watu: ulikuwa wapi miaka yote? Mwaka uliofuata hakuja, na jirani yake aliyesikia hakuja pia. Tulikuwa tunamchapa mbwa aliyerudi. Siku hizi anayekuja kwa mara ya kwanza tunamkaribisha kwa asante, tunamwandikia cheti, na mtoto aliyeshika kamba tunampa mkono. Leo nimeona nyuso nyingi ambazo sikuwa nimeziona hapa. Karibuni sana.

Lakini kuna mpaka. Mtu ana akili na heshima yake. Ukimsifu kwa uongo, atajua. Mke au mume akigundua unampimia maneno matamu kama unavyomrushia mbwa mkate, utakuwa umeharibu zaidi ya ulichotaka kurekebisha. Mbwa hatuwezi kumweleza sababu; mtoto tunaweza, na tunapaswa. Mweleze kwa nini mbwa wa jirani ni hatari. Msikilize naye. Mzazi mmoja aliniuliza asubuhi, "Daktari, kwa hivyo hakuna adhabu?" Matokeo yapo: aliyemwaga afute, aliyevunja asaidie kulipia. Hayo ni tofauti na kipigo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza shuleni. Mimi sikuhitaji sheria kunishawishi. Ile soksi ilitosha.

Namalizia na yaliyotuleta. Nchi yetu imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Tukichanja angalau mbwa 70 katika kila 100, na kuendelea kuchanja, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mbwa wako achanjwe kuanzia miezi mitatu, na arudishwe kila mwaka.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake mafuta taa, majivu wala dawa ya kienyeji. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo, na uijulishe ofisi ya mifugo. Usimuue mbwa kwa hasira, tunahitaji kumchunguza.

Na leo jioni, kabla ya kulala, waambieni watoto wenu sentensi moja: "Ukiumwa na mbwa, popote ulipokuwa, hata nilikokukataza, njoo uniambie. Sitakuchapa." Kisha mtimize ahadi hiyo. Inaweza kuokoa maisha ya mtoto kabla sindano yoyote haijafika.