Uyoga kwa Sufuria ya Shule

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Cheptais



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema juu ya chakula cha watoto wetu shuleni. Mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi, nasi sote tulifurahi. Lakini sufuria ya mchana ilibaki mikononi mwa mzazi. Asiyeweza kutoa gorogoro yake ya mahindi na maharagwe, mtoto wake huketi chini ya mti wenzake wanapokula. Jambo hili latutia haya.

Kila baada ya mavuno twachoma magunzi ya mahindi na mabua ya maharagwe. Hayo ndiyo shamba la uyoga. Huvunjwavunjwa, huchemshwa ili kuua vijidudu, hupozwa, hutiwa mbegu ya uyoga, kisha hufungwa katika mifuko ndani ya chumba chenye giza. Baada ya majuma matatu au manne mifuko huwa myeupe; ndipo hutobolewa, hupewa hewa, mwanga kidogo na unyevu, na uyoga huchipuka. Kazi hii haidai ekari wala plau.

Huko Zimbabwe, msichana yatima aitwaye Chido Govera alifundishwa kazi hii akiwa na umri wa miaka 11, akamtunza nyanya yake na ndugu yake mdogo. Aliyoyaweza mtoto mmoja, shule nzima yashindwaje?

Wazee wameuliza kama watoto hawatadhurika, maana uyoga wa msituni umepata kuua watu. Swali hilo ni la haki. Mbegu hununuliwa kwa wataalamu, kama wale wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, na aina yake yajulikana. Basi sheria iwe moja: kilichoota nje ya mifuko kisiingie jikoni.

Lakini tusidanganyane. Uyoga mbichi, sehemu tisa katika kumi ni maji. Gramu 100 zake zina protini gramu 3 hivi, hali maharagwe makavu yana zaidi ya 20. Uyoga ni kitoweo, hauondoi gorogoro. Tena, tukimpa kila mtoto gramu 50, shule ya watoto 300 yataka kilo 15 kwa mlo mmoja. Kwa hiyo yafaa kuanza na siku moja kwa juma, na ziada iuzwe Bungoma au Kitale, fedha zake zijaze gorogoro ya mtoto yule aliye chini ya mti.

Twaomba kila Mwanachama atoe gunia moja la magunzi makavu yasiyo na kuvu. Tujaribu katika shule moja, kwa muhula mmoja, na hesabu zisomwe hadharani, faida na hasara pia. Tukikutana tena mwakani, twatumaini kuambiwa kwamba chini ya mti ule hapana aliyeketi na njaa.

Ni sisi watumishi wenu.