Maziwa Yanapokuja Bila Mtoto

Mtoto mfu, ambaye katika takwimu za Shirika la Afya Duniani ni yule anayezaliwa bila dalili ya uhai baada ya wiki 28 za ujauzito au zaidi, mara nyingi huzikwa upesi huku mama yake angali wodini, na jamaa, wakidhani kwamba ukimya ni huruma, hukwepa hata kumtaja. Mwili wa mama, hata hivyo, hautambui msiba: siku chache baada ya kujifungua maziwa hujaa, matiti huvimba na kuuma, na asiyeelezwa mapema hupata pigo la pili, ilhali sidiria inayoshika vizuri, kitambaa baridi na kukamua kidogo tu huweza kumpunguzia maumivu. Kauli ya "utapata mwingine", ingawa hutolewa kwa nia njema, humfuta huyu aliyekwenda; pole ya dhati hutosha. Baba naye, ambaye huambiwa ajikaze, ni mfiwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa aliyefiwa na mtoto ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe siku 84 za ziada za likizo ya uzazi yenye malipo, haki ambayo wafiwa wengi hawaikumbuki.