Oili Ndani ya Maji ya Injini: Dalili Isiyosubiri

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara mbele ya madereva na wasimamizi wa usafiri wa Serikali)



Mazungumzo yangu yanahusu jambo dogo kwa kulitazama lakini kubwa kwa hasara yake, nalo ni oili kuingia katika maji yanayopoza injini. Nitatolea mfano wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kwani wapo miongoni mwetu wanaopeleka maofisa Bara kwa kazi, na huko safari si sawa na ya kutoka Mjini hadi Makunduchi.

Nachingwea ina somo la zamani. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na maeneo yake yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi ya mradi huo yalikuwa mabaki ya Vita vya Pili vya Dunia. Yaliharibika mapema, na vipuri pamoja na mafundi havikutosha. Mradi uliachwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwaka 1962. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, zikiwemo ardhi na mvua, lakini hili la mashine linatuhusu hadi leo. Katika njia hizo hizo sasa hupita lori za korosho na ufuta, na gari za wagonjwa.

Ndugu zangu, ndani ya injini maji na oili kila kimoja kina njia yake, na kinachovitenga khasa ni gasketi ya silinda hedi na kuta za kipoza oili. Kizuizi kikipasuka, oili husukumwa kuingia kwenye maji, kwa kuwa injini inapofanya kazi nguvu ya oili huwa kubwa kuliko ya maji. Injini ikizimwa, nguvu ya oili huondoka, na maji yaliyobaki na mgandamizo huweza kuingia kwenye oili. Oili iliyochanganyika na maji hupoteza utelezi, na injini hunoki.

Dalili ni hizi: utando au povu la kahawia katika kopo la akiba la maji, oili yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, maji kupungua bila ya kuonekana yanapovuja, moshi mweupe usiokoma, na mshale wa joto kupanda. Katika gari za gia otomatiki, povu la rangi ya waridi huashiria kwamba oili ya gia imevuja ndani ya rejeta.

Dereva akiona dalili hizo, asijaze maji akaendelea na safari. Aegeshe, azime injini, wala asifungue kifuniko cha rejeta hadi ipoe. Fundi naye atafute kwanza panapovuja. Kuosha rejeta bila ya kuziba chanzo ni kazi bure. Baada ya matengenezo, njia za maji zisafishwe kwa dawa mara kadhaa hadi utando uishe, oili na filta zibadilishwe, na mipira ya maji ikaguliwe, kwani oili huivimbisha na kuilainisha.

La mwisho ni kwa wasimamizi. Dereva anayeripoti kasoro mapema asilaumiwe kwamba anakwepa safari, na ripoti yake isilale mezani. Gasketi inayobadilishwa leo ni matengenezo. Ikiachwa, kesho tutanunua injini, na huenda gari hiyo ikazimika njiani kati ya Ruangwa na Nachingwea ikiwa na mzazi anayekimbizwa hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi kila asubuhi, kabla ya kutia ufunguo, funua boneti, tazama kopo la maji, vuta kijiti cha oili, na andika ulichokiona katika daftari la gari.