Makampuni ya telefone yanashindana: sisi tunapata nini?

Mazungumzo mbele ya jamaa zilizohamishwa na vita pamoja na viongozi wao



Leo tuongee juu ya telefone. Pengine mtu atauliza: tuna njaa, mvua inatunyeshea ndani ya hema, telefone itatusaidia nini? Sikilizeni.

Novemba 2012, vita ilipoingia Goma, mimi na mdogo wangu tulikimbia kila mtu njia yake. Wote wawili tulikuwa na telefone. Lakini kadi yangu ilikuwa ya kampuni moja, yake ya nyingine, na kupiga toka rezo moja kwenda nyingine kulikuwa bei kali. Mayunite yaliisha kabla sijasikia yuko wapi. Siku tisa mama alimlilia mtoto aliyekuwa hai, karibu tu na sisi.

Hali hiyo ilitoka wapi? Miaka ya 1980, wakati wa Zaire, Telecel ilileta telefone za mkononi, lakini zilikuwa za wakubwa na matajiri. Celtel ilianza mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita. Celtel ikawa Zain, kisha mwaka 2010 ikawa Airtel. Orange iliingia mwaka 2011 kwa kununua Congo Chine Telecom, na mwaka 2016 ikanunua Tigo.

Kushindana kwao kulituletea faida. Kila kampuni ilitafuta wateja, bei ikashuka, hata mama anayeuza ndizi akapata telefone. Tangu 2012 kuna M-Pesa, na makampuni mengine pia yanapitisha pesa. Mwaka 2025, benki zilipofungwa Goma, jamaa nyingi zilipokea msaada wa ndugu zao kwa njia hiyo. Nayo kodi ya RAM, iliyokatwa kwenye mayunite yetu tangu 2020, wananchi waliilalamikia bila silaha mpaka ikaondolewa mwaka 2022.

Lakini kampuni inafuata pesa. Katika mji mmoja utakuta antene za makampuni matatu, na kijiji kilicho nyuma ya mlima hakina hata moja, maana mazuti na ulinzi ni ghali. Ndiyo sababu iko ARPTC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, kusimamia makampuni hayo. Viongozi wana haki ya kupeleka malalamiko kwao.

Nasi tufanye mambo matatu:

1. Tuandike namba za watu wetu kwenye karatasi. Telefone inapotea au inanyang'anywa njiani.

2. Tusiache namba za zamani zife. Namba isipotumika muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine, na ndugu anayekutafuta atajibiwa na mgeni.

3. Kila kambi ichague watu waaminifu wa makabila yote, wenye kadi za rezo mbalimbali. Hao wasaidie kutafuta waliopotea, na wahakikishe habari kabla haijasambazwa. Uvumi nao unapita kwenye telefone, na umeshaua watu.

Mdogo wangu tulimpata siku ya kumi. Mama mmoja wa kabila lingine, ambaye hatukumjua, alikuwa na kadi ya rezo ile ya mdogo wangu, akaniazima telefone yake. Tumwige mama huyo.