KUONJA ASALI NA KUILA PAMOJA NA CHAKULA

Ndugu wanafunzi wa Ulyankulu, leo kila darasa liweke mezani kijiko, maji ya kunywa, na asali ya namna mbili.

Katika nchi ya Ufaransa wako watu ambao kazi yao ni kuonja divai. Mwonjaji akiletewa divai nyekundu ya Bordeaux, huitazama rangi, huinusa, kisha hunywa funda moja na kulizungusha kinywani. Divai hiyo ina ukakasi, kama chai kali isiyo na maziwa. Kwa hiyo Wafaransa huinywa pamoja na nyama, maana nyama na mafuta yake huulainisha ukakasi.

Zabibu hulimwa na wenzetu wa Dodoma. Sisi wa Tabora tuna misitu ya miombo, na misitu ina nyuki. Basi, yale ayafanyayo Mfaransa kwa divai, na tuyafanye kwa asali.

Faida yake ni nini? Siku moja gulioni nilimwona mama akiuza ndoo ya asali kwa nusu ya bei. Mnunuzi alimwambia, “Asali yako imeganda, umetia sukari.” Mama alinyamaza, akapokea fedha. Mimi niliionja asali ile. Ilikuwa safi. Asali safi nayo huganda. Ukitaka iyeyuke, weka chombo chake katika maji ya moto kiasi, wala usiichemshe.

Sasa twende hatua kwa hatua.

Kwanza, tazama. Rangi hutoka katika maua, basi asali nyeusi si lazima iwe mbovu. Lakini ukiona povu jingi, jihadhari. Asali yenye maji zaidi ya sehemu 20 katika 100 huchacha upesi. Kinga yake ni kuvuna masega ambayo nyuki wameyafunika kwa nta.

Pili, nusa. Ikinuka moshi, mvunaji alizidisha moshi mzingani. Ikinuka kama pombe, imeanza kuchacha.

Tatu, onja. Tia kidogo ulimini, iache iyeyuke, usimeze upesi. Kunywa maji, kisha onja ya pili. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi na ina uchachu wake wa asili. Huo si ubovu.

Usitegemee jaribio la kuchovya kiberiti katika asali na kukiwasha. Haliaminiki.

Nne, kula nayo. Kanuni ni hii: kitamu hupendeza kando ya kisicho kitamu. Asali nyeusi yenye nguvu tia katika maziwa mgando. Uchachu wa maziwa huupunguza utamu. Asali nyepesi ipake juu ya muhogo wa kuchemsha, ambao hauna ladha kali ya kuifunika. Karanga zenye chumvi hupatana na asali yo yote. Viazi vitamu vina utamu wao, hivyo asali hupotea humo.

Uji nao hufaa. Lakini angalieni, akina mama na akina baba: mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali hata kidogo. Yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini humdhuru vibaya mtoto mchanga.

Kazi ya nyumbani. Chukua karatasi, uandike: jina lako, mahali ulipo mzinga, tarehe ya kuvuna, rangi, harufu na ladha ya asali. Bandika karatasi hiyo juu ya ndoo.

Mnunuzi akisema asali yako ni mbovu, mwulize, “Mbovu kwa rangi, kwa harufu, au kwa ladha?” Kisha mpe kijiko aonje mbele yako, nawe uonje. Yule mama wa gulioni hakukosa asali njema. Alikosa maneno ya kuitetea.