Isomeni Risiti ya Kaunti Yenu



Wahitimu tuliowajia leo hapa Roret, wengi wenu mmesomeshwa na majani chai. Mnajua basi kwamba mizani ya kielektroniki ilipofika kwenye vituo vya kununulia majani, mkulima alianza kurudi nyumbani na risiti ya kilo zake iliyochapishwa na mashine. Mashine ilisaidia, ila aliyelinda jasho lake ni mkulima aliyeisoma risiti hiyo na kuuliza kilo zilipopungua. Utawala wa umma nao ni vivyo hivyo.

Serikali imeingia mtandaoni kwa kasi. Kituo cha kwanza cha Huduma kilifunguliwa Nairobi mwaka 2013, jukwaa la mtandaoni la eCitizen likafuata 2014, na kufikia 2023 huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa humo. Ni jambo jema. Lakini raia hakuumbwa kulipa ada tu. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataka wananchi washirikishwe. Cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 kuhusu haki hiyo inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi lako.

Wazee wetu wa Kipsigis walikuwa na kokwet, baraza ambamo mambo ya mtaa yalijadiliwa hadharani mpaka watu wakaelewana. Hata hivyo, akina mama na vijana hawakupata nafasi kubwa ya kusema. Simu zenu zinaweza kuwafungulia mlango.

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Yasomeni, mtafute barabara na zahanati ya kwenu. Pili, mkimfungulia mzee akaunti ya eCitizen, msibaki na nywila yake; mfundisheni aitumie mwenyewe. Tatu, mtakaoajiriwa serikalini, msikusanye maoni mkayafungia kabatini. Rudini mwaeleze wananchi yapi yalikubaliwa, yapi yaliachwa, na kwa nini. Mama aliyeacha kuchuma chai siku nzima ili ahudhurie mkutano wenu anadai jibu.

Hongereni sana. Nendeni mkaulize bila woga, na siku mtakapoketi ofisini, mjibu bila kiburi.