Kutunza Betri ya Gari Kuukuu
(Hotuba fupi kwa wanafunzi wa zamani, Kitete, Tabora)



Nimeombwa niseme machache juu ya betri, kwani baadhi yetu bado tunazo Land Rover kuukuu zinazolala uani juma zima.

Betri ya risasi na tindikali hupungua nguvu hata isipotumika, na joto huharakisha jambo hilo. Iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi; ikishuka chini ya 12.0 imekwisha. Ikiachwa hivyo, salfeti hugandamana juu ya sahani zake, ikafa. Basi ichajiwe mapema, na iongezwe maji ya betri tu, si ya bomba.

La pili ni swichi ya kukata betri. Land Rover za miaka ya 1960 zilitoka na fyuzi mbili tu, na nyaya zake sasa zimechakaa. Shoti moja ya usiku yaweza kuteketeza gari na nyumba iliyo kando yake. Swichi hufungwa kwenye waya uendao kwenye bodi. Lakini angalieni: katika nyingi za kabla ya 1967, waya huo ni wa chanya, si wa hasi. Asiye na swichi aufungue huo kwanza na kuurudisha mwisho. Tena, swichi isizimwe injini ikiwa inanguruma. Alteneta yaweza kuungua.

Vijana, wapagazi wa Kinyamwezi walipofika kambini walitua mizigo. Hakuna aliyelala nayo begani. Betri nayo itue mzigo.